Bei Mara Nne ya Faida

Daktari wa macho hakumficha. Alimwambia fundi cherehani kwamba presha ya macho yake inaweza kuzuiwa isiendelee, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Akitia dawa ya matone kila siku bila kukosa, atakuwa na miaka mitano hivi ya kushona kazi zinazohitaji jicho. Baada ya hapo ataona watu, magari na mlango wa duka lake. Mishono midogo hataiona. Fundi alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne na hakuwa na ujuzi mwingine wowote ambao mtu angekubali kuulipia. Alishukuru, akalipa, akarudi dukani kumalizia suruali mbili.

Alikuwa na akiba. Ilikuwa imelala benki kwa miaka kumi na tisa, ikizaa riba ya kudondoka, na sasa kwa mara ya kwanza alijiuliza kama fedha hizo zingeweza kuamka na kufanya kazi kabla macho yake hayajastaafu. Swali lenyewe lilikuwa la busara. Kosa lake lilikuwa kumuuliza shemeji.

Si kwamba shemeji alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mume wa mdogo wake, karani mstaafu wa masjala, na mtaa mzima ulimwita Muhuri, kwa kuwa kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amegonga muhuri kwenye karatasi ambazo maofisa wengine walizisoma. Kazi yake ilikuwa kufungua jalada, kuitafuta tarakimu iliyo kwenye mstari wa mwisho, kuinakili katika daftari kubwa, na kugonga. Hakuwahi kukosea tarakimu hata moja. Alistaafu akiwa na imani isiyotikisika kwamba kila kilichoandikwa nje ya mstari wa mwisho ni mapambo.

Tangu astaafu alikuwa amesoma makala mbili kuhusu soko la hisa. Angesoma moja, huenda angebaki na maswali.

"Shemeji, achana na porojo za watu," alisema asubuhi ya Jumatano, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja na taarifa za mwaka za kampuni mbili mapajani. "Kipimo ni kimoja tu. Chukua bei ya hisa moja, uigawe kwa faida ambayo kampuni imepata kwa kila hisa katika mwaka. Basi."

"Nikishagawa?"

"Unapata namba. Namba hiyo ni miaka. Yaani faida ikibaki ilivyo, itachukua miaka mingapi kuifikia bei uliyolipa. Ikiwa ndogo, umenunua rahisi. Ikiwa kubwa, umepigwa."

Fundi alikuwa akichora mstari wa chaki kwenye kitambaa cha kijivu. Aliumaliza kwanza. "Endelea."

"Kampuni ya magodoro: bei arobaini, faida kumi. Mara nne. Kampuni ya sabuni: bei sitini, faida tano. Mara kumi na mbili. Sasa niambie, wewe unayeishi kwa kugawanya vitambaa, nani anauza rahisi?"

"Wa magodoro."

"Wa magodoro!" Muhuri alipiga paja. "Nimekujazia fomu ya dalali. Akiba yote. Imebaki sahihi yako tu, Ijumaa naipeleka."

Fundi aliitazama fomu. Ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri kupita kiasi, na mahali pa sahihi palikuwa pamewekwa alama ya msalaba, kana kwamba angepotea njia. Hesabu aliielewa, na hakuona kasoro ndani yake. Kilichomkwaza ni udogo wa bei yenyewe. Kwa nini watu wengine wote waache magodoro ya mara nne yabaki sokoni, yakimsubiri Muhuri?

Kulikuwa na jambo alilolifanya kila siku bila kulifikiria. Mteja akileta koti lililonunuliwa kwingine, akitaka lipunguzwe au akiuliza kama alilipa bei ya haki, Fundi halitazami kwa nje. Huligeuza ndani nje kwanza. Upande wa nje hushonwa na mtu anayejua kwamba utaonwa; upande wa ndani huachwa na mtu anayetumaini kwamba hautaonwa. Hakuwa na falsafa yoyote juu ya hilo. Ni mikono tu iliyozoea. Na mikono hiyo sasa iliichukua taarifa ya kampuni ya magodoro, ikairuka picha ya mwenyekiti aliyetabasamu na ile michoro ya rangi iliyopanda kama ngazi, ikaifungua kwa nyuma.

Huko nyuma hakukuwa na picha. Kulikuwa na herufi ndogo kama chungu waliokanyagwa. Alisogeza miwani mbele, akairudisha nyuma, akashindwa.

"Nisomee hapa."

"Hapo?" Muhuri alinyoosha shingo. "Hayo ni maelezo ya hesabu, shemeji. Hakuna anayesoma hapo."

"Walioandika wamejisumbua. Soma."

"Kurasa ishirini na tatu!"

"Nina mashati sita. Tutakwenda sambamba."

Muhuri alishusha pumzi ya mtu aliyeonewa, akaanza. Alisoma kwa sauti ya masjala, sauti iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, ambayo kwa miongo mitatu ilikuwa imesoma majina ya wafu na ya waliopandishwa cheo kwa uzito uleule. Alisoma misingi ya uandaaji wa hesabu. Alisoma kuhusu kuchakaa kwa mashine. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Fundi alimaliza shati la kwanza, akaanza la pili.

"Maelezo ya tisa, mapato mengineyo. Katika mwaka huu kampuni iliuza kiwanja na majengo ya kiwanda chake cha zamani. Faida iliyotokana na mauzo hayo, sawa na nane kwa kila hisa, imejumuishwa katika faida ya mwaka. Maelezo ya kumi, gharama za wafanyakazi. Mishahara na posho..."

"Rudi."

"Kwenye mishahara?"

"Kwenye kiwanja."

Muhuri alirudi. Alisoma tena kwa sauti ileile, mpaka alipofika kwenye neno *nane*, ambapo sauti ilipata ufa.

"Nane kati ya zile kumi?" Fundi aliuliza.

"Imeandikwa nane."

"Kwa hiyo magodoro yenyewe, hayo wanayoyashona na kuyauza, yameleta ngapi?"

Kugawa arobaini kwa mbili hakuhitaji penseli, lakini Muhuri alichukua penseli. Aliandika, akapiga mstari, akaitazama ishirini iliyotokea kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwalika.

"Faida ni faida," alisema hatimaye. "Fedha imeingia au haikuingia?"

"Imeingia. Mwaka kesho watauza kiwanja gani?"

"Pengine wanacho kingine."

"Shemeji, mwaka ule nilipouza mashine ya kudarizi, niliingiza kuliko miaka yangu yote. Mkeo alikuja hapa akaniambia, dada, umetajirika. Mwaka uliofuata nilidarizi kwa mkono." Alikata uzi kwa meno. "Ungenipima mwaka ule, ungesema mimi ni mali ya kununuliwa. Na ungekuwa umenunua mwanamke mwenye vidole vilivyovimba."

Muhuri alishika tama. Alikuwa mtu wa majivuno ya wastani, na wastani huo ulikuwa umeguswa.

"Basi mimi ni mjinga," alisema.

"Nani amesema? Kipimo chako hakina neno. Na umesoma vizuri, hukuruka hata nukta. Ila ulikuwa unasoma kama mtu asiyekuwepo chumbani." Akasukuma taarifa ya pili kwa kiwiko. "Bado sabuni."

Sabuni iliwachukua mpaka saa nane mchana. Muhuri aliomba maji mara mbili. Safari hii alisimama mwenyewe kila penye tarakimu, akiuliza, "Hii nayo?" hata pale ambapo palikuwa ni nambari ya simu ya makao makuu. Waligundua kesi ndogo mahakamani dhidi ya msafirishaji, na mkopo uliochukuliwa kununua tangi jipya la kuchemshia. Hapakuuzwa kiwanja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na faida kwa kila hisa ya miaka mitano iliyopita, nao ulikuwa wa kuchosha kuliko yote: tatu na nusu, nne, nne, nne na nusu, tano.

"Haina msisimko," Muhuri alisema kwa huzuni.

"Watu wanaoga kila mwaka," Fundi alijibu. Kisha akajumlisha kichwani. Hamsini na minne, ongeza kumi na mbili. Sitini na sita. Ilikuwa mbali, lakini ni umri ambao mama yake aliufikia na kuupita, akiwa na ulimi mkali vilevile.

Ofisi ya dalali wa hisa ilikuwa ghorofa ya tatu, na Fundi alipanda ngazi peke yake. Dalali alikuwa msichana nadhifu, mwenye suti ambayo bega lake la kushoto lilikuwa limekaa kombo. Fundi alijizuia kulisema.

"Wengi wiki hii wananunua magodoro, mama," msichana alisema. "Uwiano wake uko chini sana."

"Waliuza kiwanja. Mnajua?"

Dalali aliacha kuchapa. "Imeandikwa kwenye taarifa."

"Najua imeandikwa. Nauliza kama mnawaambia watu."

"Wakiuliza," msichana alisema, na kwa heshima yake ni lazima itajwe kwamba aliona haya. Kisha akavuta kiti karibu, akawa mtu mwingine. Alieleza kwamba hiyo mara kumi na mbili ya sabuni nayo si ahadi. Faida yote haimfikii mwenye hisa. Sehemu hugawiwa kama gawio na sehemu hubaki kiwandani. Tena kipimo hiki hutazama mwaka uliopita, nacho hakijui kama mwakani mshindani atakuja na sabuni ya bei ya chini. "Ungekuwa mama yangu mzazi, nisingekuachia uweke akiba yote."

Fundi aliweka nusu. Nusu nyingine aliiacha benki ilale kwa muda zaidi, mpaka taarifa mpya zitoke azigeuze.

Soko la hisa halina desturi ya kutoa haki kwa tarehe iliyopangwa. Katika wiki mbili, bei ya magodoro ilipanda kutoka arobaini hadi arobaini na sita. Sabuni ilishuka ikawa hamsini na tisa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Muhuri alikuwa amenunua magodoro yake mwenyewe kabla ya ile Jumatano, kiasi kidogo, kimyakimya, na kwamba hakuyauza.

"Shemeji!" aliita kutoka ng'ambo ya barabara, watu wakisikia. "Magodoro yanapaa! Sabuni inateleza!"

"Angalia usianguke," Fundi alijibu, lakini jibu hilo lilitoka mdomoni tu. Siku hiyo alishona akiwa na kinyongo. Kuona wengine wakipata kwa kukosea kunamuuma hata mtu mwenye akili timamu, na yeye alikuwa na miaka minne na kitu iliyobaki. Mara mbili alishika simu ampigie dalali. Mara mbili aliiweka. Kilichomzuia ni ile faida ya mbili, ambayo ilikuwa imebaki kuwa mbili hata bei ikipanda. Sasa watu walikuwa wakilipa mara ishirini na tatu kwa magodoro yaleyale.

Taarifa mpya zilitoka baada ya miezi saba. Faida ya magodoro ilikuwa mbili na senti kidogo. Bei iliteremka hadi thelathini na moja kabla ya wiki kwisha. Muhuri hakuonekana kwa siku nne, na mkewe aliripoti kwamba amejilaza, anasema mgongo.

Siku ya tano alikuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kusalimia, akafungua taarifa ya sabuni.

"Faida tano na nusu," alisema. "Gawio tatu kwa kila hisa, limeshaingia benki kwako. Maelezo ya nyuma nimeyasoma yote jana, kutwa nzima." Akakohoa. "Ya kumi na nne sikuyaelewa."

Fundi aliinua uso. Hakukuwa na kumbukumbu, mtaani wala katika ukoo, ya mtu huyu kuwahi kusema kwamba hakuelewa kitu. Hakuitumia nafasi hiyo, ingawa ilikuwa pana. Alikuwa akipiga hesabu ya gawio. Halikuwa utajiri. Lilikuwa sawa na fedha anazopata kwa miezi mitatu kwa kushona nguo nyeusi, zile zinazomwumiza kuliko zote, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, ambapo hushona kwa kupapasa na kutokwa na machozi.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mteja wa zamani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akiwa na kitambaa cheusi begani.

"Fundi wangu! Suti kamili, naitaka Jumamosi. Bei taja wewe."

"Nyeusi sishoni tena."

"Unatania."

"Kuna kijana duka la nne kutoka hapa, ana macho mazuri na mkono safi. Mwambie nimekutuma mimi, akushonee bega kwa mkono, asipitishe mashine."

"Tangu lini unafukuza wateja? Umetajirika?"

"Tangu leo," Fundi alisema. "Na utajiri, uliza tena baada ya miaka kumi na moja."

Mteja alimtazama Muhuri, akitafuta tafsiri. Muhuri aliinua mabega, akionyesha taarifa iliyo mkononi kana kwamba yote yamo humo. Mtu yule alitoka akinung'unika, kitambaa begani, akielekea duka la nne.

Fundi alizima cherehani. Alivua miwani, akafumba macho, akaegemea ukuta.

"Haya. Ya kumi na nne," alisema. "Soma polepole, leo sina haraka."