Sindano Kumi za Bwana Kiberiti

Mdogo wangu ni fundi wa suti, na mtaa mzima unamwita Bwana Kiberiti. Yeye anadhani ni sifa. Anadhani wanasifia mkunjo mkali kama ukingo wa kiberiti anaoupigia pasi kwenye suruali. Watu wazima wote hujidanganya kidogo, ila huyu amepitiliza.

Chumba cha kushonea alituachia baba: cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi. Mimi nakata na kushona kwa cherehani, yeye anamalizia kwa mkono: mapindo, bitana, vifungo. Miaka kumi na minane tumekaa hivyo kwa amani. Mwaka huu sijui shetani gani kamwingia. Asubuhi ni mtu, anapiga mluzi. Ikifika saa nane mchana, ukikohoa tu, moto. Amegombana na redio. Amegombana na nzi. Amemfukuza mteja eti anapumua kwa kelele, na maskini yule ana pumu.

Nikamburuta mpaka zahanati. Muuguzi akamwambia hasira ikipanda aweke chini alichoshika, ahesabu polepole mpaka kumi. Ushauri mzuri kwa mwenye masikio. Hesabu ya mdogo wangu haijawahi kuvuka nne. "Moja, mbili, tatu, nne, na wewe unanitazamia nini?" Halafu anasema muuguzi ndiye hana akili.

Ijumaa akarusha mkasi. Ulipita karibu na sikio langu, ukagonga ukuta. Sikupiga kelele.

"Kiwanda cha sare za shule wananitaka Jumatatu," nikamwambia. "Ukifoka tena humu ndani hata mara moja, nabeba cherehani yangu. Utabaki na nzi wako."

"Nenda! Unadhani nitalia?"

Ndiyo, nilidhani atalia. Na mimi pia ningelia, lakini hilo sikumwambia.

Sasa niseme nililolificha. Tangu mwanzo wa mwaka, kila jioni kabla ya kufunga, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto chake. Siku moja nilimwona analamba uzi, analenga tundu, anakosa, analamba tena, mpaka jasho likamtoka. Nikaona haya kumwambia. Kesho yake akazikuta sindano tayari, wala hakuuliza. Na mimi, hodari wa kuwacheka wenzangu, sikuwahi kujiuliza kwa nini moto wake huwaka kila siku sindano ya kumi ikishaisha uzi.

Jumamosi asubuhi akaingia mwalimu mstaafu na koti alilolichukua jana yake. Jumapili anamwoza binti. Akalitandaza mezani kwa adabu.

"Fundi, koti langu ni la bluu. Mbona uzi mweusi?"

Pindo zima, mikono yote miwili, na vifungo juu. Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki moja halifanyi. Sindano za Alhamisi jioni nilikuwa nimezitunga tano nyeusi, tano za bluu, nikaamini mwenye macho ataona.

"Mzee, nenda kavae miwani!" mdogo wangu akafoka. "Unakuja kunifundisha rangi mimi?"

Nikainuka. Nikaifunika cherehani yangu, nikaanza kuifunga kamba. Nilipofika fundo la pili nikaliona lile koti, nikashindwa kuondoka bila kumkomoa. Nikalichukua mpaka mlangoni, penye jua.

"Njoo hapa. Huu uzi rangi gani?"

"Bluu."

"Sogea."

Akasogea mpaka pua ikagusa kitambaa. "Bluu, dada," akasema. Kisha akashusha sauti. "Si bluu?"

Hajaniuliza kitu namna ile tangu tukiwa watoto.

"Ni mweusi," nikasema.

Nikangoja moto. Haukuwaka. Akarudi mezani, akakivuta kimto, akaanza kuzigusa sindano kwa ncha ya kidole. Alizihesabu kwa sauti, moja moja, akiufuata kila uzi mpaka mwisho wake. Alipofika kumi akakiweka kimto chini.

"Kila siku nilikuwa nasema nimezitunga mwenyewe," akasema.

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Mjinga wewe," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Na mimi mjinga wa pili."

Nikaifungua kamba. Mwalimu tukampa kiti na kumwomba radhi, tukakaa kufumua lile koti: mdogo wangu akikishika kitambaa, mimi nikikata nyuzi. Mwalimu aliondoka nalo adhuhuri, likiwa limeshonwa kwa uzi wa bluu.

Jumatatu kiwandani hawakuniona. Nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa macho na mdogo wangu. Mtu akamkanyaga mguu, nikaona mishipa ya shingo inamsimama.

"Hesabu," nikamwambia.

Akafika saba.