Televisheni Haina Ubaya

Konde nzima, huku Pemba, inanijua kwa jibu moja: "Televisheni haina ubaya, filamu ndiyo ya zamani." Sisi Wazanzibari tulianza televisheni na rangi zake moja kwa moja, nchi nyingi kubwa bado hazijaziona, na tangu hapo tumekuwa na kiburi. Ikionyeshwa filamu ya nyeupe na nyeusi Ijumaa, Jumamosi asubuhi nakuta watu wamejaa mlangoni kwangu. Huyu kaibeba seti kichwani kutoka Wingwi, yule kaifunga juu ya gari ya abiria pamoja na mikungu ya ndizi, na wote maradhi yao mamoja: rangi zimekimbia. Nilikuwa nikiwachoma kwa maneno mpaka waondoke. "Niletee na babu yako," nilimwambia mmoja, "naye kaota mvi, nimrudishie rangi." Nilikuwa fundi hodari mwenye ulimi mbaya, na huo ulimi ndio niliojivunia zaidi.

Baba yangu, Mzee Kificho, peke yake hakuwahi kulalamikia filamu isiyo na rangi. Alizipenda hizo kuliko zote. Ujanani mwake, msimu wa karafuu ukimwachia nafasi, alidandia gari ya mizigo mpaka Wete kwenda sinema. Kesho yake mchana, mama akichambua karafuu uani, humsimulia filamu nzima, kwa kuwa mama hakuwahi kuingia sinema maishani mwake. Sisi watoto tulikaa mkekani tukisikiliza.

Filamu aliyoirudia mara nyingi ilikuwa ya Kimisri. Fundi wa nguo anampenda msichana, hamwambii, na siku moja msichana anakuja dukani kushonesha nguo ya harusi yake na mwanamme mwengine. "Enhe?" mama husema, na baba huendelea. Fundi anasimama mbele ya rafu, anapitisha mkono juu ya majora ya vitambaa, anaacha hiki, anaacha hiki, anachukua chekundu. Hapo mama aliacha kuchambua.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili filamu ile ikaonyeshwa kwenye televisheni. Tukaenda kuitazama kwa jirani, nami nikakaa mbele kabisa nikikingojea kitambaa chekundu. Kikaja cha kijivu. Nililia kwa hasira, nikasema watu wamekiiba. Kesho yake nikachukua bisibisi, nikaenda kuifungua televisheni ya jirani nikitafuta chekundu kilipokwama. Nilitandikwa bakora za kutosha, lakini ndivyo nilivyoanza kazi hii.

"Wataka rangi za nini?" baba aliniuliza siku ile. "Zikiwapo, n'tu hutazama nguo. Kwenye hizi huna pa kukimbilia ila usoni." Sikumwelewa.

Mwaka wa uchaguzi, ule wa 2005, baba alikohoa mpaka akakonda. Akapimwa, akakutwa na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za miezi minane. Nesi alinipa maelezo mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka. Asiruke hata siku moja. Mkojo ukibadilika rangi, asishtuke. "Na akianza kukosea rangi," alisema, "hasa nyekundu na kijani, mlete siku hiyo hiyo. Dawa moja katika hizi inaweza kumharibia macho, lakini yakiwahiwa hurudi." Nje gari ya Konde ilikuwa inapiga honi. Nikasema sawa, sawa, nikamshika baba mkono tukatoka.

Kifua kikapona vizuri. Mwezi wa tano wa dawa baba alikuwa anakula, anatembea mpaka barazani, na amekuwa mwenye furaha. "Siku hizi wamepata akili," aliniambia. "Kila siku wanaweka za zamani."

Nikatazama kioo cha televisheni. Alikuwa akiimba mwanamke aliyevaa gauni la kijani linaloumiza macho.

"Ba, hiyo ya rangi."

"Ya rangi wapi? Basi televisheni yako mbovu."

Televisheni yangu mbovu! Nilikuwa nimeiunda kwa mikono yangu kutokana na seti tatu zilizokufa. Nikaipeleka dukani, nikaifungua, nikabadilisha kapasita mbili zisizo na kosa, nikairudisha. Baba akaitazama. "Bado," alisema. Nikampigia kelele, mimi, mzee wangu aliyenizaa: "Televisheni haina ubaya!" Akanitazama kidogo, halafu akasema labda. Tangu siku hiyo hakuligusa tena neno la rangi mbele yangu.

Barabara yetu wakati ule ilijaa bendera, chama hiki upande huu, chama kile upande ule, na watu waliokua pamoja hawaendeani hata mazikoni. Nyange, mchokozi wa barazani, akamuuliza baba yeye ni wa bendera ipi. Baba akazitazama, kushoto kisha kulia. "Mie naziona zote moja," alisema. Baraza ikapasuka kwa kicheko. Kabla ya alasiri neno lilikuwa limeshafika sokoni, na watu wasiosalimiana wakalisema kila mmoja kwa upande wake, kwamba Mzee Kificho kanena. Nami nilijivuna kuwa mwana wa mtu mwenye hekima.

Sikukuu ilipofika dada yangu Asya alimjia baba kavaa kanga mpya, nyekundu, ya kung'aa. Baba akampa mkono wa Idi, akamwambia kanga nyeusi imemkaa vizuri. Asya hakucheka. Alikuja dukani kwangu na kanga yenyewe mabegani.

"Jabir," alisema, "baba haioni nyekundu."

Pale pale nikamsikia yule nesi, neno kwa neno, kana kwamba yuko nyuma yangu. Nikakaa chini katikati ya televisheni za watu.

Tulimpeleka kesho yake, kutoka kituo cha afya tukapelekwa Chake kwa daktari wa macho. Dawa ile ikasimamishwa. Daktari akauliza ilianza lini. Nikahesabu: miezi miwili na nusu. Akaandika, akasema tungoje tuone. Tukangoja. Mwezi wa kwanza baba alishindwa kusoma saa ya ukutani. Wa pili, alimwita Asya kwa jina la marehemu mama. Wa tatu, alikuwa akigeuza uso kuelekea sauti.

Mimi nina pasi ya kuchomea nyaya, nina bisibisi za kila ukubwa, nina sanduku la vipuri ambalo watu wa Wete huja kulitafuta. Nililikalia lile sanduku siku nzima sikutengeneza kitu. Nimefungua vitu vingi katika maisha yangu, na kile kimoja kilichoharibika kweli sina pa kukifungulia. Jumamosi watu waliniletea seti zao, nikazipokea kimya, na hilo likawatisha kuliko matusi.

Ijumaa moja, tumetoka msikitini, nilikuwa nimekaa na baba ndani. Televisheni ilikuwa inaunguruma mbele yetu.

"Leo wameweka ya rangi au ya zamani?" aliuliza.

Kwenye kioo kulikuwa na tangazo la sabuni, rangi tupu.

"Ya zamani, Ba."

"Ipi?"

"Ya fundi wa nguo."

Uso ukamchangamka. "Haya, nisimulie basi."

Nikapunguza sauti nikaanza. Mimi sijui kusimulia. Nilisema fundi kaingia, fundi kakaa, msichana kaja. Baba akanikumbusha kwamba fundi hukohoa kidogo kila msichana akipita, nikarudi nyuma nikamkohoza. Jasho lilikuwa linanitoka. Mwisho nikafika kwenye rafu.

"Anapitisha mkono. Anaacha hiki, anaacha hiki. Anachukua chekundu."

"Kile hakikuwa chekundu, mwanangu," baba alisema. "Nani angeijua rangi yake? Mama yenu alikuwa kajifunga kanga nyekundu siku ile nilipomsimulia, nami nilikuwa namtazama yeye."

Nikamtazama usoni.

"Nayo ndiyo iliyonitoka mwanzo, nyekundu," alisema. "Nilikwambia televisheni yako mbovu."

"Uliniambia, Ba."

Nikangoja anilaumu. Nilitaka anilaumu, anitukane, anipige bakora kama za siku ile, nijue nimelipa japo kidogo. Mkono wake ukapapasa mkekani, ukanitafuta upande ambao sikuwapo. Nikauhama upande wangu nikaenda kukaa pale alipokuwa akinitafuta, akanishika.

"Enhe?" alisema.