Msiba wa Mgombea

Mwaka ule Uhuru ulikuwa unanukia, na Kornelio aligombea kwa tiketi ya chama ambacho wanachama wake wangeenea kwenye benchi moja la kanisa. Alikuwa na jambo moja tu la kusema: mashamba ya bondeni yabaki mikononi mwa wanaoyalima. Akashuka Tanga, ambako watu wa redio walikuwa wakinasa mdahalo wa wagombea. Wenzake wawili wakaitwa ndani. Yeye akaambiwa chama chake ni kidogo mno, hakina kiti. Akashinda barazani hadi wenzake wakatoka na kumpa pole. Pole gani ile! Aliibeba njia nzima.

Basi la jioni likamshusha Soni, akalala huko. Asubuhi akashika njia ya kwao Mgwashi, blanketi kichwani. Ukungu ulikuwa umelala njiani, miguu yake mwenyewe ikimpotea na kumrudia. Mbele yake wakatokeza watu wamebeba kuni na mikungu ya ndizi, wanatembea kimya. Akamfikia mama mmoja aliyekuwa nyuma.

"Shikamoo mama. Kuna msiba?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo, kuna msiba. Kornelio wa Mgwashi, yule mgombea. Jana jioni tulikaa wote dukani kwa Juma tumsikie redioni. Wametaja wagombea wa huku kwetu, yeye hayumo. Mtu mzima aliyeaga kwamba anakwenda kusema, kitu gani kimzuie kama si kifo?"

Kornelio akajigusa kifua chini ya blanketi. Kwa kitambo, Mungu amsamehe, hakuwa na hakika kama yu hai. Akampokea mama yule mzigo wa kuni, wakaongozana hadi uani kwake Kornelio.

Jenoveva, mkewe, alikuwa ameketi katikati ya wanawake, kanga kichwani. Alipomwona alipiga yowe, kisha akacheka, kisha akamkumbatia akilia kwa sauti. Waombolezaji wakabaki wameduwaa na ndizi zao.

Kornelio akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika mkutano wowote wa chama chake: ua umejaa, na wote kimya. Msibani watu husikiliza. Akatua kuni, akasema. Alisema yote: mabonde, mifereji, mahindi ya kiangazi, na watoto watakaodai ardhi kesho. Ukungu ukawa unapita katikati yao taratibu, na kila uso uliojitokeza ulikuwa unaitikia kwa kichwa. Alifurahi sana. Kumbe sauti anayo!

Walipoanza kuaga, mama yule wa njiani akaja kumshika mkono. Jina lake Secilia.

"Umenena, mwanangu. Kila neno ni letu. Sasa rudi Tanga ukayaseme redioni, tukupigie kura."

"Si mmeshanisikia, mama? Nipo mbele yenu."

Secilia akamtazama kwa huruma ya kweli, kama mama amtazamavyo mtoto mwenye homa.

"Tumekusikia sisi tu."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaanza kuondoka.

"Mama, umesahau kuni zako."

"Ziache hapo," alisema Secilia. "Redio haijasema kama umefufuka."

Jioni ile Jenoveva alipikia maharage kuni zile za msiba, wakala wawili.