Macho ya Bustanini

Kinyozi alipokubali kumwigiza Bwana katika filamu ya kanisa, kilichomtesa kwanza hakikuwa msalaba. Zilikuwa ndevu. Alizifuga mpaka wateja wakaanza kupita mbali na duka lake, maana nani atamkabidhi shingo kinyozi ambaye mwenyewe amefumuka kama godoro lililopasuka? Kitana kilizama humo Jumatatu, kikaibuka Alhamisi kikiwa na meno pungufu, na asiyeamini akamuulize mkewe. Kwa hiyo filamu ilipokwisha kupigwa alisimama mbele ya kioo chake mwenyewe, akazifyeka zote, akakipapasa kidevu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shuleni, akajiambia yamekwisha.

Yalikuwa hata hayajaanza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mchungaji aliwaita wachache ofisini kwake waionje filamu kabla ya kanisa zima kuiona. Mapazia yakafungwa. Mpiga picha, ambaye kazi yake ya siku zote ni video za harusi na mji mzima unamwita Zumu, akaweka kompyuta mezani katikati ya vitabu vya nyimbo. Kinyozi alikaa nyuma. Kando yake alikaa mkewe, fundi cherehani aliyeshona kila kanzu iliyoonekana humo. Mbele yao alikaa muuguzi wa zahanati, mke wa dereva wa malori, aliyeigiza mmoja wa wanawake waliokwenda kaburini.

Ikafika sehemu ya bustani. Bwana amepiga magoti, ni usiku, anaomba kikombe kimwepuke. Halafu anainua uso. Mwanga unamshukia taratibu, na macho yake yanajaa njaa na kiu na furaha kwa pamoja, macho ya mtu anayeona kitu anachokipenda kuliko uhai wake na mkono haufiki.

Mchungaji akavua miwani.

"Ndugu yangu," alinong'ona, pua imeshaloa, "pale ulimwona Mungu."

Kinyozi aliviinamia viatu vyake. Pale hakuwa anaomba. Alikuwa amekwisha kuomba, anasubiri aambiwe arudie. Muuguzi alikuwa amepanda ngazi kushika ubao uliobandikwa karatasi ya kung'aa, ule wa kurudisha jua usoni kwa mwigizaji. Kitambaa kikamponyoka kichwani. Kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi alikidaka kwa meno, akacheka huku amekiuma, na kinyozi akainua macho.

Basi, ni hilo tu. Hakumgusa, wala hakumwambia neno. Lakini tangu siku hiyo, akitumwa chumvi dukani, miguu ilimpitisha zahanati, na alikuwa amekwisha kupimwa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Ofisini wote walikuwa wakijifuta machozi. Mkewe hakujifuta. Alikuwa anajiviringishia uzi kidoleni, anakaza, mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi.

Kesho yake kinyozi alifunga duka mapema, akaenda kwa Zumu, kwenye chumba kilichojaa picha za mabibi harusi ukutani, wengine ndoa zao zilishavunjika na bado wanatabasamu.

"Itoe," alisema hata kabla ya kukaa.

"Nitoe nini?"

"Ile ya bustanini. Ile si sala."

"Najua si sala." Zumu hakugeuka. "Mimi kamera siizimi, bwana. Bibi harusi halii wakati wa kiapo, analia akidhani nimezima. Nilikukuta tu humo nikiwa naunganisha vipande."

"Kwa hiyo ulijua nilikuwa naangalia nini?"

"Nilijua unaangalia juu. Mengine yako." Sasa aligeuka. "Sikiliza. Uso peke yake hauna dhambi wala utakatifu. Nikiuweka baada ya sahani ya wali, una njaa. Nikiuweka baada ya mbingu, wewe ni mtakatifu. Nikiuweka baada ya ngazi…"

"Usimalizie."

"Sijamalizia. Haya, njoo uone zile ulizokuwa unaomba kweli."

Akamwonyesha. Katika ya kwanza Bwana alionekana kama mtu anayesubiri namba yake iitwe hospitalini. Katika nyingine alikuwa na jino bovu. Katika ile ya mwisho aliachama mdomo hivi kwamba Zumu alikiri alikaa roho juu akiogopa nzi wataingia.

"Nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote!" kinyozi alilalamika.

"Sikatai. Moyo ulikuwepo, uso ndio haukufika."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Mungu alikuwa amepelekewa uso wa foleni, na ule wenye uhai akapelekewa mke wa mtu. Na sasa kanisa zima lingeinua mikono mbele ya uso huo, wazee kwa vijana, na muuguzi mwenyewe amekaa katikati yao, labda hajui, labda anajua.

"Turudie," alisema.

"Na ndevu utazitoa wapi?"

Ndevu zilitoka sakafuni. Kinyozi alifagia duka lake akichambua nywele nyeusi zisizo na mvi, na hivyo Bwana akapata kidevu cha fundi bomba na masharubu ya karani wa mahakama. Shavu lote la kushoto lilitoka kwa mlevi mmoja ambaye hadi leo hajui kwamba ameshaingia kanisani. Mkewe alizidarizi kwenye kipande cha neti, akamkalisha kitini karibu na dirisha ili amvalishe, azipunguze, azishikize.

"Tulia, nisikudunge."

"Nimetulia."

"Shingo inacheza." Akapaka gundi chini ya sikio. "Ile ya kwanza ina ubaya gani? Mchungaji amelia."

"Haikutoka vizuri."

"Ilitoka vizuri sana." Sindano ilipita karibu na shavu. "Nilikuwepo, baba watoto. Nilisimama nyuma ya Zumu, nimeshika joho lako ulilovua lisiburuze vumbi. Ulichokiona nilikiona."

Ni vigumu kujitetea ukiwa na nusu ndevu.

"Hakuna kilichotokea, mama watoto. Naapa."

"Sijauliza kilichotokea." Alivuta uzi, akaukata. "Kilichoniuma si yeye. Yeye ni mzuri, mwenye macho haambiwi, hata mimi namwona. Ila yale macho yako nayajua. Nilidhani yamezeeka pamoja na yangu, nikayazoea hivyo hivyo, nikasema ndiyo maisha. Kumbe yako mazima. Yamehama tu."

Alifungua mdomo ajibu, upande mmoja wa ndevu ukabanduka. Mkewe aliurudisha kwa kidole gumba, akaukandamiza zaidi ya ilivyohitajika.

"Usiongee. Gundi haijakauka."

Walirudia mchana kweupe, uani nyuma ya kanisa, kwa kuwa usiku wa Zumu ulipigwa jua likiwa utosini kisha ukatiwa giza kwenye kompyuta. Ngazi ikaegemezwa ukutani. Zumu akatazama huku na huku.

"Nimpigie simu dada muuguzi aje ashike ubao? Ana mkono usiotikisika."

"Mwache na wagonjwa wake," alisema mke wa kinyozi. "Ngazi ipo, na mimi nipo."

"Shemeji, utaanguka!"

"Nikianguka, nipige picha. Si huwa huzimi?"

Akapanda, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Kinyozi akapiga magoti. Jua likagonga ubao, likarudi, likamchoma usoni. Akasema maneno ya kikombe, polepole, kama alivyofundishwa, kisha akainua macho.

Aliona kwanza viatu, kisigino kimoja kimelika upande. Halafu utepe, na juu ya utepe uso wa mkewe. Aliyatafuta ndani yake yale macho ya siku ile kwa bidii zote, kama mtu anayejipekua mifuko mbele ya mlango uliofungwa. Hakuyapata. Mkewe alimtazama kutoka juu. Hakuwa na hasira, wala hakumsaidia. Mikono ikaanza kumchoka, na mwanga ukaanza kutetemeka usoni mwa kinyozi, mashavuni, kwenye paji. Hapo kitu kikamwingia ambacho hakuna aliyemfundisha. Alijikuta anaomba kweli, na hakujua anaomba nini. Jasho likalainisha gundi, shavu la mlevi likaning'inia. Hakuna aliyecheka.

"Imetosha," Zumu alisema baadaye sana. "Shuka, shemeji."

Mchungaji alipoonyeshwa zote mbili alikunja uso. "Hii mpya ya nini? Huyu ni kama mtu aliyekamatwa. Tunabaki na ile."

Zumu alikumbuka ghafla kwamba ana nyaya za kukunja nje. Walipobaki wawili, kinyozi alimwambia Mchungaji yote: ngazi, kitambaa, meno, njia ya zahanati. Mchungaji alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Unajua umenifanya nini?" alisema. "Wiki nzima nikipiga magoti nauona uso ule. Kwa miaka nimekuwa nikiomba kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo, nawahi, nimalize, niende. Wiki hii nilimtamani Mungu. Nilimtamani hasa. Sasa unaniambia nilikuwa nawaka kwa moto wa jikoni kwa nani?"

"Sijui, Mchungaji."

"Ule moto ulikuwa wa uongo?"

"Haukuwa wa uongo. Hiyo ndiyo shida yake."

Mchungaji alizipanga kalamu zake mezani, akazipangua. "Ungenyamaza ningelala vizuri."

"Nilijaribu kunyamaza. Mke wangu anajua."

Mwishowe Mchungaji akasema, bila kumtazama, "Waambie waweke ya pili. Na usiniulize kama nimefanya sawa."

Filamu ilionyeshwa kanisani Jumapili, madirisha yamezibwa kwa mashuka. Sehemu ya bustani ilipofika, hakuna aliyelia. Watu walijisogeza kwa mashaka kwenye mabenchi. Mama mmoja wa kwaya alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mbona anaogopa hivi, kwani hajui atafufuka?" Safu nzima ikaangua kicheko. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, hakuangalia kabisa.

Kinyozi alimtazama muuguzi. Mumewe dereva alikuwa amerudi safari, na muuguzi amemlalia begani. Kinyozi alingoja asihisi kitu. Akahisi kilekile, chote, hakuna hata punje iliyopungua. Akageuza uso akamtazama mkewe. Yeye alikuwa anautazama mwanga uliokuwa ukitetemeka juu ya kitambaa cheupe kilichotundikwa mbele kuonyeshea filamu.

Walirudi nyumbani. Mkewe aliketi kwenye cherehani na nguo ya kwanza iliyomjia mkononi. Kinyozi akasimama mlangoni.

"Umenisamehe?"

"Pale kwenye ngazi ulikuwa unaniomba nini?"

"Msamaha."

"Hapana." Cherehani ikaanza kuguruma. "Uso wako wa msamaha naufahamu, umenionyesha kila ulipochelewa kurudi. Ule ulikuwa mwingine. Usiniletee msamaha kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu."

Alisimama pale akitafuta. Kila alipovuta pumzi aseme, cherehani ilisimama ikamsubiri. Kila aliponyamaza, ilianza tena. Mwisho akavuta kigoda, akakaa mahali ambapo mkewe angemwona bila kugeuza shingo.

"Nilikuwa naogopa utashuka," alisema.

Cherehani ikasimama.

"Mikono ilikuwa inaniuma," mkewe alijibu. "Nilitaka kushuka tangu mwanzo."

Alitazama nguo, akaona ameshona mkono mmoja ukafungwa pande zote. Akachukua wembe, akaanza kufumua, mshono kwa mshono, na mguu wake hakuurudisha kwenye kanyagio.