Siku Tatu za Padua

Mama alitaka siku tatu tu mjini Padua, kule Italia: moja ya kufika, moja ya Mtakatifu Antoni, moja ya kurudi. Dada yangu Jolie, anayeishi Buffalo, ndiye aliyetafuta tiketi. Kila Jumapili baada ya misa tulimpigia kutoka hapa Louisville, Marekani, simu tukiiweka mezani kando ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Kuna kanisa dogo limechorwa kuta zote," Jolie alisema. "Unaingia robo saa tu, wanakutoa. Na kuna uwanja mkubwa umezungukwa na sanamu."

"Sanamu za watu nisiowajua nitazifanyia nini?" Mama akamjibu. "Mimi naenda kuweka mkono kwenye kaburi la Antoni. Bon, nikimaliza, wewe nenda kwa sanamu zako."

"Mama, tuvuke bahari yote ile kwa ajili ya mkono?"

"Kwa ajili ya Nshombo."

Nshombo ni ndugu yetu. Alikuwa na miaka sita tulipokimbia Kongo na kuvuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama. Kaka yetu mkubwa, Jean-Baptiste, ndiye aliyemshika mkono. Alitufikia ng'ambo peke yake, akasema mtoto amempotea kwenye umati. Antoni ni mtakatifu wa waliopotea. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mama amemwomba kwa mbali. Sasa alitaka kumfikia mwenyewe, amuulize mtoto yuko wapi.

Jolie alinitumia ukurasa wa mtandaoni wa kanisa la Antoni wa kuombea misa, niujaze mimi kwa kuwa naishi na Mama. Shule niliishia darasa la nne, kambini, na ninasoma polepole, lakini maneno yalikuwa machache. Jina. Tarehe. Kisha sehemu mbili za kuchagua: kwa walio hai, au kwa marehemu.

Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria. Niliona haya kumuuliza jambo kama hilo. Nikatoka nje, nikampigia Jean-Baptiste, aliye Columbus. Alikuwa kazini kwenye ghala, nilisikia mashine.

"Yaya," nikasema, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "kwa Nshombo nichague wapi? Walio hai, si ndiyo?"

Nilisikia mlango ukifungwa, na mashine zikanyamaza.

"Chagua ya pili," alisema.

"Ya marehemu?"

"Maji yalimchukua nikiona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ile nilishindwa kumwambia Mama, donc, basi, kesho yake ikawa ngumu zaidi."

"Na umetuacha tupange safari?"

"Mama alikuwa na furaha. Ungefanyaje, wewe?"

Nilimwomba asikate simu, nikaingia ndani. Mama akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Ni Jean-Baptiste," nikasema. "Ana neno."

"Mwambie twende naye. Yeye ndiye aliyemwona mwisho. Amweleze Mtakatifu vizuri."

Nilimpa simu. Aliketi, akasikiliza muda mrefu bila kumkatiza. Nilisikia sauti ya kaka yangu ikikatika, ikianza tena, ikikatika.

"Ulikuwa mtoto," Mama alisema mwishowe. "Nyamaza. Rudi kazini."

Aliweka simu mezani na kuitazama.

"Mwambie Jolie aache kutafuta tiketi," akasema. "Hatuna tena mtu wa kumtafuta."