Ruhusa ya Kupasua Kuni

Marlys Salmela alikuwa ameonywa na wakili wake asilie, asicheke, na asimsemeshe daktari. Kukaa na kusikiliza ilikuwa haki yake, kwa kuwa kesi ni yake. Zaidi ya hapo, mdomo aufunge. Basi akaketi, mkoba mapajani, koti hajalivua kwa sababu baridi ya Machi ilikuwa bado imemganda mwilini, akamtazama Daktari Roland Petrich akiinua mkono wa kulia mbele ya mwanamke wa kunakili maneno na kuapa kusema kweli tupu.

Hapakuwa na hakimu. Ilikuwa ofisi ya mawakili mjini Duluth, yenye meza ndefu, jagi la maji, na kamera iliyosimama kwa miguu mitatu. Lakini kiapo kilikuwa kile kile cha mahakamani, na atakayedanganya pale amedanganya mbele ya hakimu.

Petrich alikuwa daktari wao wa moyo tangu zamani. Ndiye aliyempasua Dale, mume wa Marlys, chini ya mtulinga, akampachika kifaa kidogo cha betri chenye waya mwembamba ulioshuka hadi ndani ya moyo. Kazi ya kifaa ilikuwa moja tu: moyo ukienda mrama, kiupige umeme urudi kwenye mwendo wake. Asubuhi moja ya Oktoba, Dale akiwa nyuma ya nyumba anapasua kuni za sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, waya ule ukapasuka ndani yake. Kifaa kikasikia mikwaruzo ya waya mbovu, kikadhani ni moyo unaokufa. Kikaupiga umeme moyo mzima usio na neno. Kikaupiga tena na tena, hadi ukasimama kweli. Marlys alifika mbio kutoka jikoni, akakuta mumewe anarukaruka chini kama samaki aliyetupwa nchi kavu.

Lipo jambo ambalo hakumwambia wakili wake, wala mchungaji wake. Asubuhi ile waligombana.

"Pasua tu, pasua mpaka ukivunje hicho kilichomo kifuani," alimwambia, "halafu tuone nani atakuuguza!"

"Daktari karuhusu, mama," Dale alimjibu akicheka.

"Mwongo mkubwa wewe!"

Akabamiza mlango. Hawakusemeshana tena. Na sasa kampuni iliyotengeneza waya ilikuwa inasema maneno yale yale aliyoyasema yeye: marehemu ameuvunja mwenyewe kwa shoka lake.

Wakili wa kampuni, Bwana Farrand, alikuwa mtu mpole wa sauti. Alianza kuuliza kama mtu anayeulizia afya ya watoto.

"Daktari, mgonjwa wa kifaa hiki hukatazwa kazi nzito za mikono, sivyo?"

"Wiki za mwanzo, ndiyo. Mpaka kidonda kipone."

"Na Bwana Salmela ulimkataza?"

"Nilimkataza. Baadaye nikamruhusu."

"Ulimruhusu kitu gani hasa?"

"Kupasua kuni."

Farrand alisita. Kando ya daktari, wakili wa hospitali yake alijikuna shingo.

"Una hakika, daktari? Muda umepita, na wagonjwa wako ni wengi."

"Huyu namkumbuka. Aliniuliza, 'Dokta, kuni zangu je?' Nikamwambia ruksa. Akasema, 'Basi mpigie simu mke wangu umwambie, maana mimi hataniamini hata nikila kiapo.' Nikamwambia mimi natibu mioyo tu, ya wake za watu siyawezi."

Mwanamke wa kunakili aliuma mdomo asitabasamu. Marlys aliinama akaishika meza kwa mikono miwili. Alimsikia Dale katika maneno yale, kama kwamba amesimama mlangoni na buti zake zenye theluji. Hakuwa amedanganya. Alikuwa amesema kweli, na alikufa akiitwa mwongo.

"Tupumzike kidogo?" wakili wake, Tess Lindgaard, alimnong'oneza.

"Hapana. Waendelee."

Farrand hakuwa mtu wa kuanguka mara moja. "Kwa hiyo, daktari, wewe ndiye uliyeruhusu kazi iliyouvunja waya."

"Nimeruhusu kazi ambayo waya mzima unapaswa kuihimili. Mtu hawekewi kifaa ili akakae kwenye kiti angojee kufa. Anawekewa aishi. Kama waya hauwezi kuvumilia mkono wa mtu kupanda na kushuka, huo si wa kuwekwa kifuani kwa mtu."

Farrand akafunga faili lake. Zamu ikawa ya Tess. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kuuliza bila kupamba.

"Dokta Petrich, ni lini ulisikia kwa mara ya kwanza kwamba nyaya hizi zinapasuka?"

"Napinga swali," alisema wakili wa hospitali. "Unaweza kujibu, kama unakumbuka." Akalivuta lile neno *kama*, na kila mtu mezani alielewa kwamba anamwonyesha daktari mlango wa kutokea.

Petrich alikunywa maji. Alikuwa amezeeka tangu mazishi. Kola ya shati ilimpwaya. Marlys alimwona akiutazama mlango ule, kisha akaupa mgongo.

"Nakumbuka. Ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka ule ule aliokufa. Muuzaji wa kampuni alikuja chumba cha upasuaji, kama walivyozoea. Tulikuwa tunanawa mikono. Akaniambia, 'Dokta, hii aina ya zamani tuiache, ina visumbufu kidogo. Nimekuletea mpya.' Nikamwuliza visumbufu gani. Akasema chache zimepasuka, makao makuu wanalifuatilia."

Farrand aliinuka nusu, akapinga, pingamizi likaandikwa, akaketi.

"Waliokuwa na aina ya zamani tayari vifuani mwao," Tess alisema, "uliwaita?"

"Hapana."

"Bwana Salmela ulionana naye baada ya siku hiyo?"

"Ndiyo. Julai. Alikuja kupimwa. Aliniletea kikapu cha beri za porini."

Marlys alizikumbuka. Walizichuma pamoja, na yeye ndiye aliyesema wamgawie daktari.

"Ulimwambia habari za waya?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Kuutoa waya ni hatari. Mshipa unaweza kuchanika, mtu akafia mezani. Niliona wengi hawatapata shida, na nikiwaambia watakosa usingizi bure. Ndivyo nilivyojiambia."

"Mbali na kuutoa, palikuwa na njia nyingine?"

Wakili wa hospitali aliweka kiganja chake juu ya meza, karibu na mkono wa daktari.

"Ilikuwepo. Kifaa kingeweza kurekebishwa kwa kompyuta, kisiwe chepesi cha kupiga, na kipige kelele waya ukianza kuharibika. Hakuna kisu. Angekuwa amekaa kwenye kiti na shati lake mwilini."

"Siku ile ya Julai?"

"Siku ile ile."

Marlys alisimama akatoka. Katika ukumbi alilikuta dirisha akalikabili, ziwa likiwa jeupe kwa barafu mpaka macho yanapokomea. Alitaka kulia lakini machozi yalikataa. Kilichokuwa kimemlemea tangu Oktoba, kwamba maneno yake na shoka la Dale ndivyo vilivyomuua, kilikuwa kimeondolewa, na mtu aliyekiondoa ndiye huyo huyo aliyekula beri zao akanyamaza.

Petrich alitoka nyuma yake. Mawakili walikuwa bado wanabishana ndani.

"Marlys. Najua tumekatazwa kuongea..."

"Basi usiongee. Mimi nitaongea." Hakugeuka. "Alisema hivyo kweli? Kwamba sitamwamini?"

"Alisema akicheka. Kwa jinsi alivyosema, niliona anajivunia wewe."

"Kwa hilo nakushukuru, Roland. Limeniondolea kitu ambacho hukijui." Ndipo akageuka. "La Julai sikusamehe. Usije nyumbani kwangu na maua, usiniandikie. Una wengine wangapi wenye waya ule?"

"Wengi."

"Wanajua?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Kampuni iliwatangazia madaktari baadaye. Baadhi tumewaambia. Wengine..."

"Waambie wote. Usiwapelekee karatasi zenye maneno ya kitabibu. Wakalishe, uwaambie kama ulivyosema mle ndani leo, ukiwa umeapa. Ukimaliza na wa mwisho, hapo ndipo nitafikiri kama kuna la kuongea baina yetu."

Tess alitokea mlangoni, akawaona, akakunja uso. Marlys alipita mbele yake akarudi kwenye kiti chake, akasikiliza mpaka mwisho.

Kabla ya majira ya joto kampuni ilitaka suluhu. Tess alimwuliza kama wamshtaki na daktari pia, kwa kuwa ushahidi ametoa mwenyewe. Marlys alilala na jambo hilo siku kadhaa. Mwishowe alisema asishtakiwe. "Tukimwadhibu kwa kusema kweli, mwenzake atakayefuata atasema hakumbuki." Tess hakufurahi, lakini aliandika.

Juni hiyo jirani yake, Orville Maki, naye mwenye kifaa kifuani, alikuja kugonga mlango, uso umemsawijika. Petrich alikuwa amempigia simu mwenyewe, bila kupitia kwa nesi, na kumtaka aende kliniki kwa habari ya kifaa chake.

"Marlys, wewe unayajua haya mambo. Nikubali hiki kitu kitolewe ama nikatae?"

"Sijui, Orville. Mimi si daktari. Lakini mwulize kila kitu. Akitumia neno usilolielewa mrudishe nyuma, usione haya."

"Nitasahau yote nikifika pale. Unajua mimi nikiona koti jeupe najikuta nasema ndiyo, ndiyo."

"Basi nitakusindikiza."

Walikaa pamoja katika chumba cha kliniki, Orville ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Petrich alipoingia alimwona Marlys pembeni akasimama, mkono bado uko kwenye kitasa. Marlys hakumsalimu, wala hakumwondolea macho. Daktari alifunga mlango, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Orville, akaketi.

"Bwana Maki," alisema, "kuna jambo nilipaswa kukuambia zamani." Akaanza kumweleza, na Orville alipouliza, akarudia tena kutoka mwanzo.