Uwanja Mmoja, Mechi Mbili

Kabla mechi haijaanza, mlinzi Tavion Rucker alimfuata refa Orrin Stadtler pembeni mwa uwanja, akamnyooshea viganja vyote viwili kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Mzee, leo mikono yangu tunaifanyaje?"

"Kama siku zote," Orrin alisema. "Ikipita mpaka, nitakwambia kwanza. Ukirudia, nakurushia kitambaa cha adhabu."

"Hapo tumeelewana, mzee wangu."

"Na yule wa Omaha namwambia hayohayo. Usijione mjukuu."

Tavion alicheka, mvuke ukamtoka mdomoni, akarudi kwa wenzake wa Toledo akirukaruka kujipasha moto. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, nyepesi, ile isiyoamua bado kama itakaa.

Maren Kowalke aliyasikia yote. Alikuwa ameinama karibu nao akikaza kamba za viatu. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza wa kuchezesha mpira wa Marekani wa kulipwa. Siku za kazi alifundisha michezo katika shule moja ya sekondari huko Wisconsin. Orrin alikuwa mfamasia wa mji mdogo wa Iowa, amechezesha kwa zaidi ya miaka ishirini, na alikuwa amewaambia wenzake kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho. Hakuwahi kupangiwa fainali. Alichokuwa nacho ni hilo neno tu: nitakwambia kwanza. Walinzi wapya walipoingia ligini, wakongwe waliwaambia, ukikutana na yule mzee wa Iowa, muulize, atakujibu. Ndivyo alivyojulikana, na ndivyo alivyotaka kuondoka akijulikana.

Maren alimpenda. Lakini hilo neno halikumkalia vizuri. Aliipenda sheria tangu utotoni kwa sababu haikumwuliza mtu ni wa nani. Kumshika mdakaji jezi kabla mpira haujamfikia ni kosa. Sasa mazungumzo ya nini?

Mechi yenyewe ilikuwa ya mwisho kabla ya mchujo. Mshindi angeendelea, aliyeshindwa angekunja virago. Uwanja wa Toledo umekaa kati ya mto na njia ya reli. Orrin alisimama upande wa mto, Maren upande wa reli, kila mmoja akiwatazama wanaokimbia mbali kwenda kudaka mpira na walinzi wanaowakimbiza.

Robo ya kwanza Tavion alicheza upande wa mto. Mara mdakaji wa Omaha alipokata kona, vidole vya Tavion vikanasa kwenye jezi yake.

"Tavion! Mkono huo!" Orrin alipaza sauti huku akikimbia.

Vidole vikaachia. Baadaye mlinzi wa Omaha naye alifanya vilevile upande huohuo, na Orrin akamwambia, "Kijana, legeza, legeza," naye akalegeza. Hakuna kitambaa kilichoanguka.

Upande wa reli vitambaa vilianguka. Maren alirusha kimoja kwa Omaha, kisha kimoja kwa Toledo, kisha tena kwa Omaha. Kila alichorusha kilikuwa halali. Watu wa majukwaa ya chini, wenye soseji mkononi na bia iliyokuwa ikiganda kwenye vikombe, hawakuliona hivyo.

"Mama refa! Hicho kitambaa karudishe jikoni!"

"Mwacheni, anaanika nguo!"

Robo ya pili timu zilibadilishana magoli. Tavion, ambaye daima hulinda kushoto, akajikuta upande wa reli. Haikupita muda akamshika mdakaji kwenye kiwiko, kidogo tu, kama alivyofanya ng'ambo ya pili. Kitambaa kikapaa.

"Dada! Dada, sikiliza, kule nimefanya hivihivi!"

"Huku si kule," Maren alimjibu.

Alipokwisha kusema akasikia jinsi lilivyo jambo la ajabu kwa refa kulisema. Kocha wa Omaha, aliyekuwa hatua chache nyuma yake, alilisikia pia. Akavua kofia, akaita kwa sauti ya kuvuka uwanja, akimlenga mkuu wa waamuzi.

"Bwana Haske! Tiketi moja, mnatuonyesha mechi mbili?"

Na katika hilo hakuwa amekosea.

Wakati wa mapumziko waamuzi saba walijibana kwenye chumba chao chenye benchi refu na sufuria la supu ya kuku. Norbert Haske, mkuu wao, mwenye kofia nyeupe, hakukaa. Alikuwa mwanasheria, na alipokasirika aliongea taratibu zaidi.

"Upande wa reli vitambaa vinamwagika. Upande wa mto hamna hata kimoja. Ama reli kuna wahuni, ama mto kuna malaika. Nani ananieleza?"

"Ni kosa lilelile," Maren alisema. "Mimi nalirushia kitambaa. Mzee Orrin analiongelea."

"Na wakiongeleshwa wanaacha," Orrin alisema. "Mchezo unaendelea, hakuna aliyeumia. Kazi yetu si ndiyo hiyo?"

"Lakini mzee, nani kaandika kwamba la kwanza ni bure? Yule wa kwangu hakupewa la bure."

Orrin aliweka bakuli chini. Hakukasirika. "Hapo umesema kweli," alisema. "Hakupewa."

Norbert akapiga kofi moja ukutani. "Basi kuanzia sasa ni mechi moja. Tunafuata ya Maren. Kosa ni kosa, pande zote, kitambaa. Na hakuna kuongea na wachezaji, Orrin. Ukimnong'oneza mlinzi mmoja ambaye mwenzake hajanong'onezwa, tumerudi kulekule."

"Sawa. Ila tukawaambie makocha wote wawili kwanza. Kwamba upande wa mto umebadilika."

"Tukawaambie nini? Kwamba nusu ya kwanza tulichezesha vibaya? Kesho asubuhi iko kwenye kila gazeti, na ofisi ya ligi inatutafuna sote saba."

"Wale vijana hawajui, Norbert. Wanaingia kule wakidhani ni palepale."

"Sheria wanaijua. Wanalipwa kuijua."

Maren alikuwa bado na joto la kusikilizwa. Msimu mzima alikuwa mgeni wa kundi, leo mkuu kasema tunafuata ya Maren. Alikunywa supu yake, akaona kwamba Orrin hakuigusa ya kwake.

Robo ya tatu Tavion alikuwa bado upande wa reli, na alicheza kama mtu aliyebeba mayai. Mikono aliiweka kifuani. Mdakaji mmoja alimtoka, akafunga, watu wakazomea, lakini Tavion hakumshika. Maren alifurahi moyoni. Sheria inamfundisha, aliwaza. Upande wa mto hakukutokea chochote kwa muda wote huo. Mpira haukurushwa kule.

Robo ya nne magoli yakabadilishwa tena, Tavion akarudi upande wa mto. Maren aliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyefika kwao. Toledo walikuwa mbele kwa pointi nne. Dakika zilipokaribia mwisho, Omaha walikuwa na mpira, na kila waliposogea, watu wa nyumbani walipiga kelele hadi vyuma vya jukwaa vikatetema.

Kisha Omaha wakaomba mapumziko mafupi. Kelele zikatulia. Kutoka ng'ambo, Maren akamwona Tavion akimwendea Orrin, akavua glavu moja, akamnyooshea kiganja. Hakuhitaji kusikia. Alijua swali.

Orrin hakujibu.

Alisimama wima, akatazama mbele, kule mrushaji wa Omaha alikokuwa akiongea na kocha wake. Tavion alisubiri kidogo, akasema kitu kingine, akatabasamu. Orrin aliendelea kutazama mbele. Kwa Tavion kimya hicho kilimaanisha kile kilichomaanisha siku zote: hakuna tatizo. Lingekuwepo tatizo, mzee angesema. Alivaa glavu, akarudi mahali pake.

Maren alitamani kupuliza filimbi, lakini hakukuwa na kosa la kupulizia. Orrin alikuwa anatii agizo la mkuu. Alikuwa anatii hoja yake yeye, Maren, neno kwa neno.

Jaribio la mwisho, mpira ukarushwa mbali, juu, ukizunguka kwenye theluji. Mdakaji wa Omaha alimpita Tavion kwa nusu bega. Tavion akamnasa jezi kiunoni, akavuta, mvuto mdogo wa kupunguza mwendo, ule ambao robo ya kwanza uliishia kuitwa jina tu. Mpira ukaanguka chini. Uwanja ukalipuka, watu wakakumbatiana na wasiowajua, wachezaji wa akiba wa Toledo wakamiminika ndani.

Kisha kelele zikafa, kuanzia upande wa mto kuja upande wa reli, kadiri watu walivyokiona. Kitambaa cha njano kilikuwa kimelala kwenye theluji.

Lilikuwa kosa la wazi. Omaha wakapewa jaribio jingine pale lilipotokea, yadi tatu tu kutoka mstari wa mwisho, nao wakafunga. Msimu wa Toledo ukaishia hapo.

Tavion hakumkimbilia Orrin, hakupiga kofia chini. Alimwendea taratibu, askari wa uwanja wakakaa tayari. Safari hii Maren alikuwa karibu vya kutosha.

"Nilikuuliza," Tavion alisema. Kisha akaondoka.

Chumbani, simu ya Norbert ililia kabla hawajavua viatu. Alisikiliza, akaitikia mara kadhaa, akakata. "Ofisi wanasema uamuzi wa mwisho ni sahihi kabisa. Wamefurahi. Orrin, umefunga kazi vizuri, kaka."

Wenzake wakampiga Orrin mgongoni. Alikuwa amekaa na mikono magotini.

"Na wa nusu ya kwanza, ulikuwa sahihi?" aliuliza.

"Nini?"

"Uamuzi huo ukiwa sahihi, basi nusu ya kwanza nilikosea. Na kama nusu ya kwanza nilikuwa sawa, huo si sahihi. Hamwezi kunisifia vyote viwili."

Alivaa koti, akaenda mlangoni.

"Gari letu liko upande huu," Norbert alisema.

"Najua. Nakwenda kumwona kijana."

"Orrin, hairuhusiwi."

"Watanifanya nini? Watanistaafisha?"

Mtu mmoja alicheka. Maren alichukua koti lake, akamfuata. Walitembea kwenye korido ndefu. Maren alitaka kusema samahani, lakini hakuwa na hakika samahani ya nini. Hoja yake ilikuwa bado ni ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

"Usiiache hoja yako," Orrin alisema ghafla, bila kugeuka. "Yule uliyemwadhibu kwa kosa la kwanza, na yule niliyemsamehe. Hilo lilikuwa baya, na ni wewe uliyeliona."

Nje, giza la jioni lilikuwa limeshuka na theluji ilikuwa imeamua kukaa. Karibu na lango la wachezaji, gari lilikuwa likiunguruma, na mwanamke wa makamo mwenye skafu ya Toledo alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo. Tavion alisimama kando yake na begi begani. Mwanamke ndiye aliyewaona kwanza.

"Nyie wawili mna moyo," alisema. "Mmefuata nini? Kitambaa mmesahau?"

"Mama, tulia," Tavion alisema.

Orrin alivua kofia. Nywele zake zilikuwa chache, theluji ikamtua kichwani. "Uliniuliza nikanyamaza," alisema. "Nilikwambia nitakwambia kwanza, sikukwambia. Jezi uliivuta, hilo sikuombi radhi. Nakuomba radhi kwa kunyamaza."

"Ungesema tu 'hapana', mzee. Neno moja."

"Ndiyo."

"Mkataba wangu umeisha leo, unajua? Mimi sikuchaguliwa na timu yoyote nilipotoka chuo. Niliingia hapa kwa majaribio. Watakaa wiki hii waitazame hiyo picha mara mia, na kwenye picha wewe umenyamaza tu, mimi nimeshika jezi."

"Nitawaandikia ligi nilivyokwambia kabla ya mechi, na kwamba tulibadilisha mapumzikoni bila kumwambia mtu," Orrin alisema. "Haitabadilisha matokeo. Lakini wajue hukuwa mjinga."

Maren alijua maana ya barua hiyo. Ofisi iliyopiga simu kusifu ingeisoma kwanza, na sifa ile ya mwisho ingefutwa, pengine pamoja na mengine mengi. Norbert angekasirika. Wote saba wangeitwa.

"Na mimi nitaweka jina langu," alisema.

Tavion akamgeukia kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa kijana aliyechoka, mwenye majani ya plastiki ya uwanja yaliyoganda shavuni.

"Dada wa 'huku si kule'," alisema.

"Ndiye mimi."

"Mzee anastaafu. Mwakani, nikipata timu, nikikufuata nikakuuliza, itakuwaje? Utanitazama pembeni vilevile?"

Maren alimfikiria yule mlinzi wa Omaha pia, na yule wa kwanza aliyemrushia kitambaa bila neno, ambaye hata jina lake hakulijua.

"Kabla mechi haijaanza nitakuja kwenu na nitakwenda kwa wenzenu," alisema. "Nitawaambia kinachorushiwa kitambaa, maneno yaleyale. Na mwenzangu wa ng'ambo tutakuwa tumekubaliana. Tukibadilisha katikati, nasimamisha mechi nawaambia wote, hata kama mkuu hataki."

"Watakufukuza."

"Labda."

Mama yake Tavion aliacha kukwangua kioo. Aliwatazama wote wawili, mzee asiye na kofia na mwanamke kijana aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, kisha akafungua mlango wa gari.

"Tavion, ingia, utaugua," alisema. "Na nyie pia, nendeni. Mnasimama kwenye theluji kama watu wasio na kwao."

Tavion alitupa begi kiti cha nyuma. Alimpa Orrin mkono, si kwa uchangamfu, lakini aliushika vizuri. Kisha akampa Maren.

"Tutaona, dada," alisema, na gari likaondoka polepole kuelekea darajani.